Mama Neema, tulale wapi: Bogoria, Hell's Gate ama Eburu?

Mama Neema wangu,

Salamu nyingi kutoka Nakuru. Sisi huku tuko salama, baridi ya asubuhi tu ndio imetubana kidogo. Mpe mama shikamoo yangu, umwambie goti lake silisahau na mpango wote huu nimeufikiria nikimkumbuka yeye.

Meseji yako niliipata na zile picha za kambi nimeziangalia moja moja. Nilitaka kukujibu kwa voisi nikaona hapana, wacha niandike, ndio uwasomee na wenzako wa chama kabla hamjalipa pesa ya mtu yeyote. Mnataka mahali penye maji moto, msitu wa mlimani uwe karibu, mpige tenti, watoto wakimbie, na mama apate kulowesha miguu. Inawezekana kabisa. Lakini kitu kimoja nakuomba unisikize vizuri: msichague kambi ati kwa sababu iko karibu na maji moto. Chagueni kwa maji baridi. Yaani swali la kwanza liwe, haya maji ya kunywa na ya kupikia yanatoka wapi, yako umbali gani na tenti, na mvua ikinyesha maji yanapita wapi. Maji moto mtaenda kuyaona mchana, mtaoga pale panapoogeka, mtapiga picha zenu, alafu mnarudi kulala kwingine.

Nasema hivi kwa sababu maji moto mengi ya huku hayanyweki. Yanatoka chini kwenye mawe ya volkano yakiwa na chumvi na madini ya floraidi mengi, na floraidi hata ukichemsha maji kutwa nzima haitoki, maji yanapungua yenyewe inabaki palepale. Watoto waliokulia sehemu fulani za Bonde la Ufa utawajua kwa meno yenye madoa ya kahawia, ni hayo maji. Kwa hivyo mtu akikuuzia kambi "kando ya chemchemi" muulize chemchemi gani.

Nianze na Ziwa Bogoria maana ndiyo imejaa kwenye picha zako. Kutoka hapa Nakuru mnapitia Mogotio, pale kwenye alama ya ikweta watoto watataka kushuka, mpaka Marigat ni kama kilomita 100. Kwenye chemchemi za Loburu, ufuo wa magharibi, maji yanachemka kweli kweli, mengine yanaruka juu, mvuke unavuma usoni ukigeuka na upepo, na harufu yake ni ya kiberiti. Mahali penyewe pako karibu mita 990 juu ya bahari kwa hivyo maji yanachemka kabla hayajafika digrii 100, lakini hiyo isikudanganye, yai linaiva mle ndani. Shida ni ardhi. Pembeni mwa vile visima kuna ganda jeupe linaloonekana gumu na chini yake ni maji yanayochemka, mtu akikanyaga likavunjika mguu umeiva. Loburu watoto washikwe mikono, sio kuangaliwa, kushikwa. Na mama pale hataloweka kitu, aketi kwa gari afurahie flamingo ikiwa wapo, maana wale ndege wanafuata chakula chao cha kijani kwenye yale maji ya magadi, kuna msimu ufuo wote ni waridi na kuna msimu wamehamia ziwa lingine.

Kulala Bogoria, mimi ningelala kambi ya Fig Tree, kule kusini mwa ziwa. Ni mikuyu mikubwa yenye kivuli hata saa saba mchana, na katikati ya kambi kunapita kijito cha maji baridi, maji matamu, kando ya ziwa ambalo maji yake hata ng'ombe hanywi. Hapo ndio utaelewa kwa nini nakazania maji baridi. Unatoa miguu kwenye viatu unaiweka mtoni unasikia raha mpaka kichwani. Ila kijito hicho hicho ndicho nyani na nyati wanakunywa, kwa hivyo tenti zisogee mbali na njia yao, na chakula kilale garini, hata mkate, hata sabuni. Alafu barabara. Tangu kama 2010 ziwa limekuwa likipanda, likameza barabara ya kando ya ziwa na hata geti la zamani la Loboi, kwa hivyo zile ramani za zamani zinazoonyesha unazunguka tu kutoka Loburu mpaka Fig Tree msizifuate. Mnazungukia upande wa Emsos, njia ni ya mawe, bila fowili, gari la kuvuta magurudumu yote manne, msijaribu, na kabla ya kutoka pigieni ofisi ya hifadhi wawaambie njia ikoje wiki hiyo. Hifadhi ni ya Kaunti ya Baringo, sio ya KWS, lile shirika la serikali la wanyamapori, kwa hivyo na malipo ni kwao. Hapo hapo waulizeni hali ya usalama, Baringo ni kubwa na kwingine huko juu kumekuwa na shida za wizi wa mifugo.

Na jambo hili liko moyoni mwangu, nisikufiche. Ile ardhi ni ya Waendorois. Walihamishwa miaka ya sabini ili kutengenezwa hifadhi, na 2010 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ikatangaza kwamba walinyimwa haki yao. Mwaka uliofuata, 2011, ziwa likaingizwa kwenye Urithi wa Dunia pamoja na Nakuru na Elementaita. Kwa hivyo mkienda, chukueni kijana wa pale awatembeze, mumlipe vizuri bila kuvutana bei kama sokoni Kongowea, nunueni na asali Marigat, ile nyeusi nyeusi ya kwenye chupa. Kijana huyo anajua pa kukanyaga Loburu kuliko bango lolote.

Kama fowili hamna bado Bogoria inawezekana: shindeni Loburu asubuhi kabla jua halijawa kali, alafu mpande Kabarnet, kama kilomita 40 kutoka Marigat, mlale kule juu kwenye vilima vya Tugen karibu na msitu wa Katimok. Mnatoka kwenye joto la kukausha samaki mnaingia kwenye sweta, ndani ya saa moja hivi. Na mbu wanapungua sana, maana kule chini Marigat malaria ipo, neti na dawa sio za kujadili.

Sasa Hell's Gate, Naivasha. Kusema kweli kwa kundi lenu hii ndiyo nimeipenda. Ni ya KWS, mnalipa mapema mtandaoni kwa eCitizen, na ni moja ya hifadhi chache nchini unaruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia na twiga, watoto wa Mombasa wataongea mwaka mzima. Kambi ninayowachagulia ni Naiburta, iko kwenye mwinuko upande wa kaskazini, unaangalia chini mpaka ule mnara wa jiwe wa Fischer, kuna vyoo vya kawaida, kibanda cha kupikia, na mifereji ya maji. Getini muulizeni renja kama mifereji inatoka siku hiyo, na hata akisema ndio bado bebeni mitungi yenu miwili ya lita 20. Ol Dubai upande wa kusini nayo ni nzuri, kutoka huko unaona moshi wa Olkaria, kule kwenye mitambo ya stima ya mvuke. Endachata sikushauri, haina kitu.

Na goti la mama ni hapo. Bwawa la Olkaria ni maji ya visima vya stima ya mvuke, yakishatumika yanapozwa yanaletwa bwawani, rangi yake ni ya bluu ya maziwa kwa sababu ya madini ya silika. Kuna ngazi, kuna vyoo, kuna pa kubadilishia nguo, mtu mzima anaingia pole pole na heshima yake. Muulizeni daktari wake kwanza habari ya presha, na asikae ndani sana, atoke apumzike anywe maji arudi. Hakuna chemchemi ya porini itampa utulivu huo.

Lakini lile korongo, Mama Neema. Ol Njorowa. Ni pazuri sana, kuta nyekundu zimesuguliwa na maji, mahali pengine unapita ukigusa pande zote mbili, na kuna sehemu maji moto yanachuruzika ukutani unaweza kuyagusa na kidole. Watu wamekufa mle. 2012 vijana wa kanisa saba, na Septemba 2019 watu saba tena, wote kwa mafuriko ya ghafla. Kinachowapata watu ni kwamba juu yao jua linawaka, hakuna hata wingu, mvua imenyesha mbali huko juu kwenye vilima, na maji yote yanakusanyika kuteremkia njia moja nyembamba ambayo wao wako ndani. Ukisikia ngurumo ya maji umechelewa, hakuna pa kupandia. Kwa hivyo kama wiki hiyo kuna mvua popote upande wa Suswa, Mau, Longonot, msiingie, hata kama kijana wa kuwatembeza anasema tutawahi, hata kama mmetoka Mombasa kwa ajili ya hiyo tu. Renja akisema pamefungwa, pamefungwa. Na ni sababu hiyo hiyo nakataza kupiga tenti kwenye kile kimchanga laini tambarare mnachokipenda wote, kile kimchanga kimeletwa na maji, na maji yanajua njia ya kurudi.

Eburu sasa. Hapa ndipo msitu wenyewe. Ni mlima wa zaidi ya mita 2,800, kaskazini magharibi ya Ziwa Naivasha, msitu wa mierezi na mianzi, umezungushiwa fensi ya umeme ya kilomita 43 iliyomalizika 2014, na ndani bado kuna bongo wa milimani, yule swala mwekundu wa mistari myeupe ambaye pengine hamtamwona ila kujua yupo inatosha. Kitu cha ajabu cha Eburu ni kwamba mlima una mvuke kila mahali lakini maji ya mto ni haba. Wakazi wanatega mabomba kwenye matundu ya mvuke, mvuke unapoa unageuka matone, matone yanajaza tangi, na hayo ndiyo maji ya nyumbani. Hebu waonyeshe watoto hilo. Simameni mbele ya bomba moja muone linavyotoa jasho, tone, tone, tone, na mama fulani ameweka ndoo anasubiri. Mtu ambaye anapata maji hivyo huwezi kwenda kumwomba mtungi wa kuoshea sufuria, kwa hivyo Eburu maji yote mnabeba kutoka Naivasha, ama mnaenda kutembea mchana na kurudi Naiburta. Mimi nasema mrudi. Mkisisitiza kulala, ongeeni na ofisi ya KFS, wale wa misitu ya serikali, pamoja na kikundi cha jamii kinacholinda msitu, wawaonyeshe mahali, na msilale kwenye kishimo karibu na tundu la mvuke hata kama ni pa joto pazuri: gesi ya ukaa nzito inatulia mabondeni usiku usipokuwa na upepo, na haina harufu ya kukuamsha.

Baridi naona hamjaifikiria. Mama Neema, nyinyi mnaita digrii 22 baridi! Naivasha usiku wa Julai unashuka chini sana kuliko hapo, na Eburu usiulize. Watu wa pwani wanaleta mablanketi mazito ya kujifunika na chini wanatandika mkeka, kumbe baridi ya kambini inapanda kutoka ardhini. Leteni godoro la sponji hata jembamba, moja kwa kila mtu, hiyo ni muhimu kuliko blanketi la tatu. Soksi za kulalia ziwe kavu, sio zile ulizotembea nazo. Na maharagwe mchemshe nyumbani kabisa kabla ya safari, kule juu maji yanachemka kwa joto dogo, maharagwe mabichi yatamaliza gesi yenu na hayajaiva. Kuni za msituni msiguse, bebeni meko.

Kwa hivyo mpango wangu ni huu. Mpande treni ya SGR kutoka Mombasa mpaka Nairobi, matatu mpaka Naivasha, mimi nije na gari ya shemeji niwapokee hapo na vitu vizito. Ijumaa na Jumamosi mnalala Naiburta. Jumamosi asubuhi baiskeli, mchana wote Olkaria na mama. Jumapili Eburu kutembea na mwenyeji, jioni mje kwangu Nakuru mlale kitandani muoge maji ya moto ya bafu, na Jumatatu alfajiri atakayetaka Bogoria tunaenda naye Loburu tunarudi siku hiyo hiyo. Fig Tree tuiweke ya mwakani tukiwa wachache na fowili. Tarehe, naona Februari ama mwanzo wa Septemba, mvua za masika msinitajie.

Nijibu haya kabla ya wiki kuisha: mko wangapi na watoto ni wa umri gani, tenti mnazo ngapi na zina kifuniko cha mvua ama ni zile za dukani za bei rahisi, mama anatumia dawa gani, na kuna yeyote mwenye pumu maana harufu ya kiberiti itamsumbua. Magodoro ya sponji huku naweza kuazima manne. Salimia watu wote wa nyumbani, na Neema umwambie baiskeli ya saizi yake ipo.

Mimi wako,
Mama Tumaini