Aliyeacha unga apewe pa kusimama: barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Kilifi

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam aleikum, na salamu za heshima kutoka Malindi. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu mitaa ya Majengo, na katika vijana ninaoshona nao mmoja anakunywa methadoni, dawa ya kumtibu aliyeacha heroini, ile tunayoiita unga. Sikuandikii kumwombea yeye kazi, kazi anayo. Nakuandikia kwa sababu dawa hii tunayo hapa Malindi tangu 2015, miezi michache tu baada ya kuanzishwa hospitali ya Mathari kule Nairobi Desemba 2014, na inafanya kazi. Tunaiharibu sisi wenyewe kwa mambo ambayo mengi yake yako ndani ya uwezo wa wizara yako.

Nianze na hilo la kufanya kazi, maana kwenye vibaraza vya kahawa bado watu wanabisha. "Ametoka kwenye unga, sasa analewa dawa ya serikali," ndivyo wasemavyo. Anayevuta heroini au kujidunga hutaka kete nyingine baada ya saa chache. Akiikosa, arosto humshika: kamasi zamtoka, tumbo laendesha, mifupa yauma, jasho la baridi, usiku kucha hageuki akapata usingizi. Mtu wa hali hiyo humwambii habari za kodi ya nyumba wala karo ya mtoto. Methadoni hunywewa mara moja kwa siku, na kipimo kikishapatikana sawasawa huizuia arosto siku nzima bila kumlewesha mnywaji. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2005. Mimi si daktari, lakini naona kijana akitoka kunywa, anakuja, anatandika kitambaa mezani na kukata kanzu kwa mkasi mkubwa toka begani hadi chini bila kusita. Ukitaka kujua kama mtu amelewa, mpe kanzu akate.

Nimepata kumsindikiza dirishani, pale hospitali wanapogawa dawa hii. Muuguzi humtambua, humpimia, humpa kikombe kidogo cha plastiki. Anakunywa mbele yake, anapewa maji, anakunywa tena, kisha lazima aseme neno ili ionekane hakuificha mdomoni. "Ahsante, dada." Halafu anafuata mwingine. Ni utaratibu mzuri, na wauguzi niliowaona walikuwa na adabu. Shida ni kwamba kijana huyu atarudi kesho, na keshokutwa, na Jumapili, na siku ya Idi, kwa miaka.

Mimi ni fundi, naweza kumsubiri. Mvuvi je? Nahodha huondoka na maji, hamngoji baharia anayepanga foleni hospitali. Kwenda dago ndiyo kabisa hawezi, maana dago ni siku kadhaa kambini na dozi yake iko mjini. Anayekaa Mambrui au Gongoni ana nauli ya kwenda na kurudi kila siku iendayo kwa Mungu, na nauli hiyo huipati ukiwa huna kazi, na kazi huipati ukiwa unafika saa nne. Tunamwambia mtu ajitegemee, kisha tunamfunga kamba asiende mbali na dirisha.

Njia ya kulegeza ipo. Korona ilipoingia Machi 2020, Marekani iliruhusu mgonjwa aliyetulia apewe dozi za hadi siku 28 aende nazo nyumbani, na 2024 ikalifanya hilo kanuni ya kudumu. Sisemi tuanze na siku 28. Methadoni si maji, mtoto akiinywa humuua, na wapo watakaoiuza. Lakini aliyekaa mwaka mzima vipimo vyake safi, ana kisanduku cha kufuli na mtu mzima wa kumdhamini, kwa nini asipewe ya siku mbili tatu? Na kwa walio mbali, kwa nini gari lenye muuguzi lisiwafuate Mambrui kwa muda wa saa moja kila siku? Najua miongozo ya tiba hutoka Nairobi. Lakini anayejua kwamba baharini kuna maji kujaa na maji kupwa ni wewe, si wao, na sauti yako huko inasikika kuliko yangu.

Liko jingine ambalo Nairobi huenda wasilifikirie: Ramadhani. Dawa hii hunywewa, na kinywewacho mchana kinafunguza. Shekhe atasema mgonjwa ana ruhusa ya kula, na ni kweli. Lakini kwa kijana aliyekaa nje ya msikiti miaka mingi, kufunga pamoja na wenzake ndicho kitu cha kwanza kinachomrudisha kwao. Ukimlazimisha achague kati ya saumu na dozi, wengine watachagua saumu, na arosto itawapata kabla ya magharibi ya siku ya pili. Saa za dirisha za mwezi huo zisitegemee huruma ya aliye zamu. Ziandikwe, zibandikwe ukutani, dirisha liwe wazi baada ya futari.

Sasa nije kwenye aibu, ambayo kwangu ndiyo kubwa zaidi.

Kuna bi mmoja, mteja wangu wa miaka mingi. Alikuja na kitambaa cha harusi ya mjukuu wake, akamkuta kijana anapima. "Shikamoo, bi." Hakuitikia. Akaichukua simu yake mezani, akaitia mkobani, akaniambia, "Fundi, yangu ushone wewe mwenyewe." Nguo ile aliishona yule yule kijana, tena kwa mkono ule ule aliouogopa. Bi aliivaa harusini, akasifiwa, akanisifu mimi. Sijamwambia mpaka leo, na akisomewa barua hii najua nitakosa mteja.

Bi yule simlaumu sana. Anasema anayoyasikia kwa wakubwa. Nilikaa kwenye mkutano mmoja wa hadhara nikamsikia kiongozi akinguruma kwamba mateja, yaani waraibu wa unga, wote wakusanywe wapelekwe mbali na mji. Makofi yakapigwa. Kesho yake wateja wawili walikuja kuniuliza kama "yule" bado niko naye. Hakuna aliyemwambia kiongozi yule kwamba mtu aliyefungiwa wiki kadhaa bila tiba, akitoka akarudia kipimo chake cha zamani, mwili hauna tena uwezo wa kukibeba, na hapo ndipo wengi hufa. Makofi yale yanaweza kuua. Polisi na machifu si wa wizara yako, naelewa. Lakini baraza la kaunti mnakaa meza moja, na wewe ndiye mwenye mamlaka ya kusema pale mezani kwamba hawa ni wagonjwa wako. Ningependa pia kuona waelimishaji, wale vijana walioacha unga wanaopita maskani kwenye vijiwe vya watumiaji, wamepewa naloksoni, dawa inayomrudishia pumzi aliyezidisha heroini, kwa sababu wao ndio wanaofika kabla ya gari la wagonjwa.

Hata wahudumu wa afya wanahitaji kukumbushwa. Mgonjwa wa methadoni akipata kifua kikuu huanzishiwa dawa, na mojawapo ni rifampisini. Hiyo huifanya methadoni iishe mwilini haraka, kwa hiyo dozi iliyokuwa inamtosha haimtoshi tena na arosto inarudi akiwa hajagusa kete hata moja. Anayemtazama kwa jicho la dharau atasema, "Unaona? Amerudia." Anayejua ataiangalia faili na kumwongezea kipimo. Kati ya hao wawili ndipo mtu hubaki kwenye tiba au huenda zake, na dawa ni ile ile.

Wanawake niliowaona dirishani siku ile walikuwa wa kuhesabu. Si kwamba mtaani hawapo. Mwanamume akiacha unga husemwa amepata akili, mwanamke husemwa alikuwa wa namna gani hata akaingia huko. Anaogopa kuonwa na wifi zake, anaogopa kunyang'anywa watoto. Mwenye mimba ndiye anayejificha zaidi, ilhali ndiye anayehitaji dawa zaidi: kukatisha heroini ghafla na mimba tumboni ni hatari, na methadoni ndiyo inayoshauriwa, hata wakati wa kunyonyesha. Watengewe saa yao, na waipate humo humo kliniki ya wajawazito, pasipo na mlango ambao mtaa mzima unaujua.

Mambo haya hayahitaji majengo. Yanahitaji watu, na watu wenyewe unao. Malindi si mgeni wa kazi hii: Omari Project, shirika la kuwasaidia waraibu, limekuwa hapa tangu 1995, wakati wengi pwani walikuwa hawataki hata kulitaja jambo lenyewe. Wapo vijana waliotoka kwenye unga ambao kwa miaka wamekuwa wakiwaleta wenzao hospitali, wakiwatafuta waliopotea, wakiongea na mama zao. Wengi hulipwa posho ya mradi, na mradi ukiisha, posho nayo imekwisha. Waajiri. Watie kwenye orodha ya mishahara ya kaunti kama unavyowatia wahudumu wa afya ya jamii. Bi akimwona mtoto wa jirani aliyekuwa maskani amevaa kitambulisho cha kaunti, itamfundisha kuliko semina zote za hotelini.

Kuhusu fedha, Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, sote tuliona kilichotaka kutokea. Huduma za methadoni nchini zimeegemea mno mfuko wa Marekani wa Ukimwi. Mgonjwa aliyepimiwa kila siku kwa miaka mitano hawezi kuambiwa asubuhi moja kwamba wafadhili wamebadilisha mawazo. Na tusielekezane Nairobi. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, imezipa kaunti huduma za afya, na imezipa pia udhibiti wa dawa za kulevya. Ni kazi yenu mara mbili.

Kwa hiyo naomba kifungu kimoja kwenye bajeti, kinachosomeka kwa jina lake, cha tiba ya uraibu: mishahara ya waelimishaji, gari la Mambrui, naloksoni, na akiba ya dawa endapo wafadhili watasita tena. Kisifichwe ndani ya "huduma nyingine za afya", tukawa hatuwezi kukiona wala kukiulizia. Sheria inataka makadirio yafike Bunge la Kaunti kabla ya Aprili 30, na kabla ya hapo wananchi tunaitwa kutoa maoni. Kikao cha Malindi nitahudhuria, na yule kijana ameniambia atafunga cherehani siku hiyo tuje pamoja. Tutauliza kifungu hicho kiko ukurasa gani.

Wako katika kulijenga taifa,

Fundi cherehani, Majengo, Malindi