Klabu za picha ziache kutafuta washindi kwa laiki

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi gazetini mwako tuzungumzie jambo linaloziumiza klabu za wapiga picha wa ridhaa katika miji yetu, nalo ni mashindano ya kila mwezi kuamuliwa kwa laiki. Utaratibu wenyewe unajulikana. Picha zinarushwa kwenye kundi la WhatsApp au ukurasa wa Facebook, majina ya waliozipiga yakiwa wazi, na baada ya siku chache mwenye laiki nyingi anatangazwa mshindi. Kwa hiyo anayeshinda ni mwenye marafiki wengi, au aliyewahi kurusha ya kwake kabla watu hawajachoka kutazama. Mwanachama mgeni anaweza kuleta picha bora kuliko zote akaambulia patupu, na hakuna anayemwambia picha yake ina nini au imepungukiwa na nini. Huyo harudi mwezi unaofuata, na tusimlaumu.

Kuliondoa tatizo hili hakuhitaji fedha nyingi. Kunahitaji kanuni za ukurasa mmoja, mtu mmoja wa kupokea picha, majaji watatu na chumba kinachoweza kutiwa giza.

Tuanze na mapokezi, maana mashindano mengi huharibikia hapo kabla jaji hajafungua macho. Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida inabanwa. Anga la asubuhi linagawanyika mistari mistari, nywele na manyoya yanakuwa kama yamepakwa uji, na taarifa zilizomo ndani ya faili, yaani aina ya kamera, tarehe, kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) na ISO (wepesi wake wa kuhisi mwanga), zinafutika. Ikitumwa kama waraka inafika salama, na kwa barua pepe pia. Mpokeaji, ambaye mwezi huo hashindani, anaipa kila picha namba, anaandika jina la mwenyewe kwenye daftari lake na kulifuta kwenye faili. Majaji wanaona namba na kichwa cha picha, basi. Siku ya mwisho ya kupokea iwe wiki moja kabla ya mkutano, ili picha yenye kasoro ya ukubwa au rangi irudishwe kwa mwenyewe aitengeneze.

Ukubwa ulingane na projekta itakayotumika. Kwa projekta ya pikseli (nukta zinazounda picha) 1920 kwa 1080, upana usizidi 1920 na kimo kisizidi 1080. Wengi hukosea kwenye picha za wima: wanaupa upande mrefu pikseli 1920, kompyuta inaibana picha upya yenyewe, na ukali wa mistari unapotea. Hata ikitengenezwa sawasawa, picha ya wima yenye uwiano wa 3:2, yaani upande mrefu tatu kwa mfupi mbili, itaonekana kwa pikseli 720 kwa 1080, ilhali ya mlalo inapata 1620 kwa 1080. Eneo lake halifiki nusu ya mwenzake. Majaji waambiwe hilo mapema, kwa sababu jicho huipendelea picha kubwa bila mtu kukusudia.

Rangi iwe ya mfumo wa sRGB, ambao skrini na projekta nyingi huuelewa. Faili iliyohifadhiwa kwa Adobe RGB, mfumo wenye rangi pana zaidi, ikifunguliwa na programu isiyosoma wasifu wa rangi (maelezo ya mfumo huo yaliyomo ndani ya faili), ngozi za watu zinapauka na kijani cha mikoko kinakufa. Mpigaji atadhani jaji hakuelewa picha yake, kumbe jaji hakuiona.

Chumba nacho kina mambo yake. Ukuta wa rangi ya maziwa unazitia picha zote umanjano, kwa hiyo tandika shuka jeupe lililonyooshwa vizuri kama hakuna skrini. Washa projekta dakika 20 kabla, kisha onyesha mstari wa vipande vya kijivu kuanzia cheusi hadi cheupe. Kama vipande viwili vya mwisho upande wa giza havitofautiani, picha za usiku na za kiza zitaonewa. Ongeza giza la chumba kwanza, ndipo urekebishe projekta. Hapa Dar es Salaam mkutano wa saa tisa alasiri kwenye ukumbi wenye madirisha ya vioo hauwezi kuhukumu picha kwa haki. Usogezwe hadi saa moja usiku.

Sasa majaji. Wawe watatu, angalau mmoja atoke nje ya klabu, na asiwepo anayeshindana. Mara ya kwanza picha zote zipite bila alama, sekunde tano tano, wajue kiwango cha kundi zima. Ukiruka hatua hii, picha za mwanzo hupewa alama za uoga kwa kuwa jaji anabakiza nafasi kwa zitakazokuja. Mara ya pili kila picha ikae sekunde 15 hadi 20, na kila jaji aandike alama ya 1 hadi 10 kwenye karatasi yake bila kumwangalia mwenzake. Kuonyesha alama kwa vidole hadharani kunafurahisha ukumbi, lakini mkono wa kwanza kuinuka huivuta mingine. Alama zikipishana kwa nne au zaidi, mwenye ya juu na mwenye ya chini waeleze sababu, kisha wote watatu waandike upya. Mara nyingi mmoja ameona kitu ambacho wengine hawakukiona. Picha zikifungana, zirushwe mbili pamoja ukutani na majaji wachague. Mwenyekiti asitumie kura ya turufu.

Baada ya alama yaje maneno, na hapa ndipo klabu inapotofautiana na bahati nasibu. Kila picha, hata ya mwisho, ipate sentensi tatu: jicho linakwenda wapi kwanza, nini kinalivuruga, na nini kingefanyika siku ile au baadaye kwenye programu. “Picha kali” si maoni. “Nguzo nyeupe pembeni kulia inavuta jicho kuliko uso wa mchuuzi, hatua mbili kushoto ingefichwa na mwavuli” ni maoni ambayo mtu anaweza kwenda nayo sokoni kesho.

Suala la udanganyifu lisionekane la wakubwa peke yao. Mashindano ya picha za wanyamapori ya Wildlife Photographer of the Year ya jumba la makumbusho la Natural History Museum, London, yamewahi kuwavua ushindi watu wawili: mwaka 2010 jopo lilihitimisha kwamba mbwamwitu wa picha iliyoshinda 2009 huenda alikuwa wa kufugwa, na mwaka 2018 kwamba mnyama mla mchwa wa picha iliyoshinda 2017 yaelekea alikuwa mfu aliyejazwa pamba. Mwaka 2023 msanii wa picha wa Ujerumani, Boris Eldagsen, alikataa tuzo ya mashindano ya Sony World Photography Awards akisema kazi yake ilitengenezwa kwa akili unde (AI) na kwamba alitaka kupima kama mashindano yamejiandaa. Klabu ndogo haina maabara, lakini ina njia rahisi. Wanaoingia tano bora waombwe faili halisi kutoka kwenye kamera au simu, pamoja na fremu, yaani picha, mbili tatu walizopiga kabla na baada yake. Tarehe iliyomo ndani ya faili inaweza kubadilishwa kwa programu ya bure. Kughushi mfululizo wa fremu zinazofuatana kwa mwanga, vivuli na mwendo wa watu ni kazi ngumu zaidi.

Kwa picha za viumbe wa porini hatuna haja ya kubuni kanuni mpya. Ipo fasili waliyokubaliana FIAP (shirikisho la kimataifa la sanaa ya picha), PSA (chama cha wapiga picha cha Marekani) na Royal Photographic Society ya Uingereza: usiongeze, usihamishe, usibadilishe wala usiondoe kitu ndani ya picha isipokuwa kwa kukata kingo. Kufuta doa la vumbi la kamera kunaruhusiwa. Kufuta tawi lililopita mbele ya twiga hakuruhusiwi. Mnyama aliyefungiwa anaweza kuingia kwenye kundi la picha za asili, ila haingii kwenye kundi la wanyama walio huru. Kanuni hizo zibandikwe ukutani kabla ya safari ya Hifadhi ya Mikumi. Zikitolewa baada ya malalamiko zinaonekana zimetungwa kwa ajili ya mtu.

Angalau mara mbili kwa mwaka mashindano yawe ya picha za karatasi. Ugumu mkubwa ni uwiano. Picha ya 3:2 inatoshea inchi 8 kwa 12 bila kukatwa. Ukiagiza 8 kwa 10 unapoteza inchi mbili za urefu, na studio ndiyo itakayoamua zitoke upande gani. Kwa 8 kwa 12 unahitaji pikseli 2400 kwa 3600 ili upate 300 kwa kila inchi. Simu ya megapikseli 12, yaani pikseli milioni 12, inatosha, mradi hukuvuta kwa zumu ya kidijitali: ukivuta mara mbili unabaki na megapikseli 3, na kwenye karatasi kasoro hiyo haijifichi. Mwambie fundi wa studio azime marekebisho ya rangi ya mashine, la sivyo machweo uliyoyataka mekundu yatatoka ya kijivu. Picha nyingi hutoka na giza kwa kuwa zilihaririwa kwenye skrini iliyowashwa mwanga wote. Ipunguze hadi nusu, kisha safisha moja ya inchi 4 kwa 6 ya kujaribu kabla ya kulipia kubwa. Na katika hewa ya pwani usiiache karatasi iguse kioo cha fremu, itanata.

Mashindano peke yake hayamfundishi mtu, hivyo mada itangazwe wiki sita mapema na liwepo tembezi la pamoja la kuifanyia kazi. Soko la samaki la Feri linafaa sana, ila mfike kabla jua halijachomoza. Huku kwetu jua hupanda karibu wima, na nusu saa baada ya kuchomoza limeshafika nyuzi 7 hivi. Ule mwanga laini haukai kama vitabu vya Ulaya vinavyosema. Wabeba ndoo wanahitaji kasi ya shata ya 1/250 ya sekunde au zaidi. Mkipiga ngalawa kwa kivuli cheusi dhidi ya anga, pimeni mwanga wa anga pembeni ya jua, si wa chombo. Zoezi lenye faida kuliko yote ni la fremu 24: lenzi moja, hakuna kufuta, na jioni kila mmoja aonyeshe zote 24, hata zilizoharibika. Hapo ndipo wenzake wanapomwona alivyofikiri.

Jambo la mwisho linawahusu waandaaji wa nje wanaozialika klabu zetu na wadhamini wao. Fomu nyingi zina kifungu kinachosema kila picha itakayotumwa inakuwa mali ya mwandaaji. Wanachama wakatae kuisaini. Mwandaaji anahitaji ruhusa ya kuonyesha picha zilizoshinda, kwa muda unaotajwa, katika kutangaza mashindano hayo tu, na jina la mpigaji likiwemo. Picha ambazo hazikushinda hana shughuli nazo.

Nawe, Mhariri, unapochapisha washindi wa klabu, tunakuomba mambo mawili: omba faili halisi kwa mpigaji badala ya kuichukua picha kwenye kundi la WhatsApp, na ukilazimika kuikata kingo ili itoshee safu, mpigie simu kwanza.

Wajumbe wa kamati ya mashindano,
klabu ya wapiga picha wa ridhaa,
Dar es Salaam