Kulungu: utabiri wa hewa usomwe mpaka baada ya mshale

Mhariri,

Majani yanapoanza kupukutika Marekani Kaskazini, wawindaji wa kulungu huulizana yale yale: baridi itaingia lini, mgandamizo wa hewa unapanda au unashuka, wanyama watatoka saa ngapi. Naomba nafasi niseme kwamba utabiri huo unasomwa nusu. Tunauliza kulungu atatembea lini, wala hatuulizi kama hali ya hewa ya siku hiyo itaturuhusu kumpata tukishampiga.

Tuanze na imani moja inayopotosha wengi. Kulungu mwenye mkia mweupe haanzi kupandana kwa sababu ya baridi. Kinachomwamsha ni mchana kufupika, ndiyo maana sehemu za kaskazini kilele huangukia Novemba, uwe mwaka wa joto au wa theluji. Kinachobadilika ni kuonekana kwake. Kufikia Oktoba ameshaota manyoya ya majira ya baridi, mazito, yenye uwazi ndani yanayohifadhi joto. Siku ikifika nyuzi 22 za sentigredi, dume atashinda kivulini na kuwafukuzia majike usiku. Mwindaji husema msimu haujaanza, kumbe umeanza na unaendelea gizani. Mgandamizo wa hewa nao unapewa uzito usioustahili: kulungu waliofungwa kola za GPS huzidisha mwendo macheo na machweo, na uhusiano wa mwendo huo na mgandamizo haujawahi kuwa thabiti kiasi cha kupangia safari.

Upepo ni jambo jingine kabisa, na hapa utabiri wa kwenye simu hudanganya. Asubuhi jua likipasha mteremko, hewa hupanda. Jioni kivuli kikiingia, hewa iliyopoa huteremka bondeni kama maji. Kulungu anajua hivyo. Hupenda kulala sehemu ya juu ya kilima, upande uliokingwa, upepo wa kileleni ukimletea harufu za nyuma na hewa inayopanda ikimletea za bondeni. Ukiwa dunguni, chukua nyuzi chache za sufi, ziachie vidoleni, uzitazame mpaka zipotee. Utaziona zikienda mbele mita 10, zikisita, kisha zikizama korongoni, ilhali utabiri unasema upepo unatoka magharibi. Korongo hilo likiwa ndiyo njia ya kulungu, dungu hilo si la jioni, hata kama lilifaa sana asubuhi.

Sasa kile kinachosahaulika. Mshale ukipita mapafuni, damu huwa ya waridi yenye povu, na kusubiri nusu saa kunatosha. Damu iliyoiva, ya giza, ni ya ini: subiri muda wa saa 4 au zaidi. Ukiona majimaji ya kijani na harufu ya matumbo, subiri muda wa saa 8 hadi 12, kwa sababu mnyama huyo hulala karibu, na akishtuliwa mapema ataondoka bila kuacha hata tone. Kanuni hizi ni nzuri mpaka hewa izikatae. Mvua ya nusu saa inaweza kuosha njia yote ya damu. Usiku wa nyuzi 15, mzoga wenye utumbo uliotoboka huharibika kabla hakujapambazuka. Hapo mwindaji amebanwa pande zote: akifuata mapema anamfukuza, akingoja anapoteza nyama. Uamuzi sahihi ulikuwa kabla ya kuvuta upinde. Jioni ya joto, au wingu la mvua likikaribia, aliyezoea kupiga mita 30 asizidi 15, na mnyama asiyesimama ubavu aachwe apite.

Nyama nayo haina subira. Bakteria huongezeka kwa kasi joto likiwa kati ya nyuzi 4 na 60. Toa matumbo mara moja, chuna ngozi haraka, maana manyoya yale yale yaliyomkinga kulungu na baridi sasa yanafungia joto ndani. Tia kifuani mwa mzoga chupa za maji yaliyogandishwa badala ya barafu tupu, ili maji yasiloweshe nyama. Pachunguzwe hasa kiungo cha nyonga: nyama ya paja ni nene, hupoa mwisho, na uchachu huanzia penye mfupa huku nje pakionekana pazima.

Kuna pia joto linaloua kabla msimu haujafunguliwa. Mwishoni mwa kiangazi kikavu, maji yakipungua na kuacha tope, usubi huzaliana humo na kueneza virusi vya homa ya kutokwa damu. Kulungu wenye homa hukimbilia maji, na mizoga hukutwa hapo hapo. Mwaka 2007 na 2012 ugonjwa huu ulienea sana Marekani. Huuzima baridi ya kwanza ya kugandisha, kwa kuua usubi. Baridi ikichelewa, vifo huendelea. Anayekuta mizoga kadhaa kandokando ya bwawa aitaarifu mamlaka ya wanyamapori, kwa kuwa idadi ya vibali vya kuwinda inategemea taarifa kama hizo.

Ombi langu ni dogo. Mnapochapisha habari za msimu, pamoja na baridi ya alfajiri wekeni joto la usiku kucha na saa ambayo mvua inatarajiwa kuanza. Mwindaji anahitaji kuyajua hayo kabla hajapanda dunguni.

Msomaji wenu