Wito wa Harambee: Tuandike Mapishi ya Kina Bibi Wangali Nasi

Assalamu alaykum wazazi, majirani, wanafunzi wetu wa zamani, na nyote mlio mbali na Mji wa Kale wa Mombasa.

Muhula uliopita mwalimu wa darasa la sita aliwapa watoto kazi ya nyumbani: kila mmoja aandike chakula kimoja kinachopikwa kwao na namna kinavyopikwa. Daftari zilirudi, nyingi zikiwa na mistari minne tu. "Osha mchele. Tia tui. Ngoja uive." Mtoto mmoja wa mtaa wa Kuze aliandika kuhusu mkate wa sinia wa bibi yake, na chini kabisa akaongeza: "Bibi amesema hawezi kuniambia kiasi, mpaka nikae nimtazame." Mwalimu alituletea daftari lile kwenye kikao cha kamati, likapita mkono kwa mkono. Huko ndiko lilikoanzia jambo tunalowaombea mchango leo.

Tulimwendea bibi huyo nyumbani na mizani ya jikoni, kalamu na simu ya kurekodi. Mchele alikuwa ameuroweka tangu usiku. Alipotaka kutia sukari tulimshika mkono tukapima. Alipotaka kutia tui tukamshika tena. Alituvumilia hadi tulipofika kwenye hiliki, ndipo akasema, "Wanangu, nazi ya leo si ya jana. Mkiandika hizo namba zenu, na mtu akauziwa koroma, atafanyaje?"

Alikuwa na haki. Sisi tuliokulia hapa twajua kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi, majina ya tunda lile lile kadiri linavyokomaa. Mtoto anayeletewa tui la pakiti kutoka dukani hajui kwamba koroma hutoa tui jepesi, na kwamba ukilitia kwa kipimo kile kile cha nazi iliyokauka vizuri, mchele uliosagwa hulegea na mkate hautoi vile vitundu vyake. Bibi hakutazama kipimo. Alichota kwa kijiko, akakiinua, akaangalia unavyoteleza kurudi bakulini, akaongeza tui kidogo, akaangalia tena. Akamimina, akaacha chini ushike, kisha akapalia makaa juu ya kifuniko, ya juu yakiwa mengi kuliko ya chini. Kuiva aliujua kwa harufu. Hakufunua hata mara moja.

Tulirudi na kurasa sita za maandishi kwa mkate mmoja. Mstari wa koroma uliongezwa, na ule wa kijiko pia. Hapo tukaelewa kwamba hatuhitaji orodha ya vipimo. Tunahitaji muda wa kukaa na hawa wazee jikoni, na muda huo una gharama.

Tangu siku ile, wazee wawili tuliokuwa tumewaandika majina yao wametangulia mbele ya haki. Mmoja ndiye aliyekuwa akioka mkate wa mofa wa mtama katika mtaa wetu. Binti zake wanakumbuka ladha yake. Wanakumbuka tanuri la udongo lilivyokaa uani, na kwamba alikuwa akiwafukuza wakati wa kukanda kwa sababu ya michezo yao. Unga wenyewe aliuchanganya vipi, hakuna anayejua. Na mimi ninayeandika haya sina la kuwalaumu. Mamangu alipika mchuzi wa papa mkavu ambao jirani walikuwa wakiomba bakuli. Siku nyingine alitia embe bichi, nyingine ukwaju. Lakini alitia kabla ya tui au baada yake? Nimejaribu yote mawili. Tui hunikatikia, na wa kumuuliza hayupo tena.

Kuna watakaosema shule ina mahitaji mengine, mabati na madawati. Ni kweli, na hayo yana mfuko wake, haujaguswa. Ila hili nalo ni masomo. Mtoto akiuliza kilichomo ndani ya sufuria kilitoka wapi, somo la historia limeshaanza. Chapati na biriani zatukumbusha watu wa Bara Hindi. Muhogo, mahindi na pilipili asili yao ni Amerika, vikafika pwani hii kwa njia ya Wareno, hao hao waliojenga Ngome ya Yesu kati ya 1593 na 1596, ambayo watoto wetu huipita wakiwa na mikoba mgongoni. Hamri limebeba jina la Kiarabu la chachu. Haya yote mtoto huyakumbuka vizuri zaidi akiwa ameyala.

Wala si sisi wa kwanza nchini. Mwaka 2021 UNESCO iliingiza kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano mizuri ya uhifadhi wa urithi. Katika kazi ile, iliyoanzia kwa Waisukha huko magharibi, watoto wa shule za msingi walishiriki kuandika vyakula vya wazee wao. Watoto wetu nao wanaweza.

Tunachotaka kufanya ni hiki. Wazee 30, wake kwa waume (maana wapishi wa biriani ya harusi wengi ni wanaume, na masufuria yale makubwa yana elimu yake), kila mmoja atapika mara mbili. Mara ya kwanza atapika kwa mkono wake kama alivyozoea, watoto wakipima, wakiandika na kurekodi sauti. Mara ya pili mtoto ndiye atakayepika kwa kufuata karatasi, na mzee ataketi kwenye kiti bila kusema neno mpaka chakula kionjwe. Kikiharibika, karatasi ndiyo yenye kosa, itaandikwa upya. Hii mara ya pili ndiyo roho ya mradi wetu, na ndiyo inayozidisha gharama. Hatukubali kuiondoa.

Hesabu yetu ni hii. Viungo, nazi, mchele, nyama na makaa kwa mapishi 60, kwa wastani wa shilingi 2,500 kila pishi, ni shilingi 150,000. Nauli ya tuktuk ya wazee kuja na kurudi ni 30,000. Mizani sita na vinasa sauti viwili, 45,000. Kuchapisha nakala 500 za kitabu, 175,000. Jumla ni shilingi 400,000. Kina mama wa kamati wameshapata 62,000 kwa kuuza mahamri na mbaazi za nazi kila Jumamosi asubuhi langoni mwa shule. Zimebaki 338,000. Walimu na wanakamati hawatalipwa chochote, na hesabu itabandikwa kwenye ubao wa matangazo kila mwisho wa mwezi, senti kwa senti.

Kuna jambo wazee wenyewe walitutaka tuliseme wazi. Aliwahi kuja mtu miaka iliyopita, akakaribishwa majumbani, akapiga picha, akaandika, akaenda zake. Hawakuona hata ukurasa mmoja. Kwa hivyo kila ukurasa wetu utabeba jina la mzee na la mtaa wake, na kila mzee atapewa nakala tatu bure. Aliye na siri ya nyumba yao asiyotaka ichapishwe, tutaiandika vilevile, ikabidhiwe familia yake ndani ya bahasha, na shule haitabaki na nakala. Na zikija pilau tatu zinazotofautiana, zitachapishwa zote tatu. Hatutamchagulia mtu pilau ya kwao.

Nyinyi mlioko Maskati, Dubai, London na Toronto, twawajua. Ndinyi mnaopiga simu siku moja kabla ya Idi kuuliza kaimati zinatiwa maji kiasi gani, na mama yuko sokoni hashiki simu. Tumewafikiria. Kila pishi lenye nazi litakuwa na maelezo ya tui la kopo, na sauti za wazee mtatumiwa msikilize: mlio wa kitunguu kinapokaribia rangi ya pilau huwezi kuuandika, lakini ukiusikia mara moja utaujua. Tunawaomba kila nyumba iliyoko nje idhamini mapishi mawili ya mzee mmoja, yaani shilingi 5,000. Anaweza kuwa bibi yako mwenyewe. Au wa jirani aliyekulisha ulipokuwa mdogo.

Walio hapa nyumbani, kadi za mchango zimeshaanza kugawanywa kupitia watoto. Andika ulichonacho, iwe ni shilingi hamsini. Asiye na fedha aje na nazi tano, kibaba cha mchele au gunia la makaa. Mweka hazina atakiandika kwa thamani yake na atatoa risiti. Namba ya kutumia fedha iko nyuma ya kadi. Tafadhali usitume kwa namba nyingine yoyote, hata ukiambiwa ni ya kamati.

Harambee yenyewe itafanyika uwanjani mwa shule Jumamosi ya mwisho ya Shaaban, baada ya sala ya Alasiri, wakati ambao kila nyumba inavunja jungu. Tumeichagua siku hiyo makusudi. Wazee watano wa kwanza watapika mbele yenu, yule bibi wa Kuze akiwa mmojawapo, na mkate wa sinia atakaoupika mjukuu wake kwa karatasi utawekwa kando ya wake. Mtaonja yote miwili. Ahadi zitapokewa siku hiyo, na za walio mbali zitasomwa kwa kipaza sauti pamoja na jina la mzee waliyemdhamini.

Na ombi moja la mwisho. Mwenye mbuzi ya kukunia nazi nyumbani, meno yake yakiwa bado makali, aje nayo. Za shule ni mbili tu, na nazi zitakuwa mia.