Barua kwa mwanangu: nadharia kufasirika, modeli kufasirika

Dodoma

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia na nimeisoma kwa furaha, hasa pale unapouliza kwa nini mhadhiri wa mantiki husema kwamba nadharia fulani inafasirika ndani ya nyingine, ilhali yule wa takwimu husema tu kwamba modeli, yaani kanuni ya kutabiri iliyojengwa kwa data, inafasirika, kisha anaendelea na somo. Kwa maoni yangu hayo ni mambo mawili tofauti, lakini la kwanza linaweza kukufundisha namna ya kulidai la pili, ndiyo maana nitakaa nalo zaidi.

Maana ya kimantiki iliwekwa wazi na mwanamantiki Alfred Tarski, pamoja na Andrzej Mostowski na Raphael Robinson, mwaka 1953. Nadharia hufasirika ndani ya nyingine pale ambapo dhana zake za msingi zinaelezwa upya kwa lugha ya hiyo nyingine, kwa namna ambayo kila tamko linalothibitika katika ya kwanza, likishageuzwa, linathibitika pia katika ya pili. Nguvu yote ya fasili hii imo katika kutobakiza tamko hata moja.

Chukua karatasi uchore duara. Sasa tukubaliane kwamba nukta ni ile tu iliyo ndani ya duara, na mstari ni kipande kilichonyooka kinachotoka ukingo mmoja hadi mwingine, bila kuhesabu ncha zake. Chora mstari mmoja wa namna hiyo, weka nukta pembeni yake, kisha pitisha kwenye nukta hiyo mistari mingine: utaona mingi isiyokutana na ule wa kwanza, wakati Euclid aliruhusu mmoja tu. Eugenio Beltrami alionyesha mwaka 1868, na Felix Klein akaendeleza mwaka 1871, kwamba ukipima umbali na pembe kwa kanuni inayofaa, jiometri nzima ya Lobachevsky, yaani ile inayoruhusu mistari mingi namna hiyo, husimama ndani ya duara hilo. Kwa hiyo, kama jiometri hiyo ingekuwa na mkinzano, mkinzano huo ungejitokeza pia katika jiometri ya Euclid, ambayo watu waliiamini kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Ona pia kwamba hakuna aliyeulizwa kama ufasiri huo ni rahisi kueleweka. Kinachotakiwa ni uthibitisho. Tena uhusiano huu una mwelekeo: hesabu ya Peano, yaani nadharia ya namba 0, 1, 2 na kuendelea, hufasirika ndani ya nadharia ya seti, inayohusu mikusanyiko ya vitu, lakini nadharia ya seti haifasiriki ndani ya hesabu ya Peano.

Katika takwimu anayefasiri ni mtu, na anachofasiri ni namba. Tuseme modeli yako ya mavuno ya mtama wa Chamwino imeipa mvua kizidishio cha 3. Maana yake ni kwamba ukilinganisha mashamba mawili yanayolingana katika vigezo vingine vyote vilivyomo kwenye modeli, lile lililopata milimita moja zaidi ya mvua linatarajiwa kutoa kilo 3 zaidi kwa hekta. Ukipima mvua kwa sentimita, 3 itakuwa 30, na utabiri hautabadilika hata kidogo. Sasa ingiza pia idadi ya siku za mvua. Katika msimu wetu mmoja, unaoanza karibu na Desemba na kuishia Aprili, vigezo hivi viwili huelekea kupanda na kushuka pamoja, na kizidishio cha kimojawapo kinaweza kugeuka hasi ilhali hakuna mkulima wa huku atakayekubali kwamba mvua ilimharibia mtama wake. Modeli inaweza kutabiri vizuri kama mwanzo, lakini namba yake haisomeki tena peke yake. Hapa ndipo ninapotaka uwe mkali, kwa sababu wengi huita modeli ya mstari, yaani inayojumlisha vigezo vikishazidishwa kwa namba kama hizi, nyepesi kufasiri kwa kuwa tu ni fupi.

Mwanatakwimu Leo Breiman, mwaka 2001, alitoa alama kama sisi walimu: kwa kufasirika, mti mmoja wa maamuzi, yaani modeli inayofikia utabiri kwa mfululizo wa maswali, aliupa A+, na msitu, unaounganisha utabiri wa miti mingi ya namna hiyo, akaupa F, ingawa kwa kutabiri msitu ulipata A+. Tangu hapo wengi wamejenga modeli ya pili, nyepesi, ya kuieleza ile ya kwanza isiyosomeka. Mtafiti Cynthia Rudin alipinga jambo hilo mwaka 2019 kwa maamuzi mazito yanayogusa maisha ya watu, kwa hoja kwamba maelezo yangelingana kabisa na modeli, yangekuwa ndiyo modeli yenyewe. Mimi naona hoja hiyo iko karibu sana na sharti la Tarski. Maelezo yanayokubaliana na modeli katika kesi tisa kati ya kumi yameacha moja nje, na mtu ambaye, tuseme, modeli imemnyima mkopo huenda yumo katika hiyo moja.

Kwa hiyo, katika ripoti yako, usiandike kwamba modeli inafasirika ukaishia hapo. Andika nani anaisoma, kwa vizio gani, na ni vigezo gani vimeshikiliwa palepale namba inaposomwa. Nitumie jedwali la data ukishalipanga, nitazame kama mvua na siku za mvua umeziingiza pamoja.

Wako,
Mama