Watalii wamerudi Pwani, lakini ajira za mwezi hazijarudi

Mhariri,

Takwimu za utalii zinapotangazwa kila mwaka, sisi wakazi wa Pwani hufurahi, na tuna sababu ya kufurahi. Mwaka 2019 Kenya ilipokea zaidi ya wageni milioni 2 kutoka nje; mwaka 2020 idadi hiyo iliporomoka hadi chini ya 600,000; na kufikia 2024 ilikuwa imepanda hadi karibu milioni 2.4, kiasi kinachopita kile cha kabla ya Corona. Anayezisoma tarakimu hizo akiwa mbali anaweza kudhani kwamba maisha ya Mtwapa, Shanzu, Bamburi na Ukunda yamerejea hali yake ya zamani. Hayajarejea, na naomba nafasi katika gazeti lako nieleze sababu yake, kwa namna mambo yanavyoonekana kutoka nyuma ya kaunta ya duka la rejareja hapa Mtwapa, ambapo wateja wangu wengi ni watu wa hotelini: wapishi, wahudumu wa vyumba, walinzi, madobi na watunza bustani.

Pigo lenyewe sote tunalikumbuka. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi 2020, siku mbili baada ya ndege za abiria za kimataifa kusimamishwa. Tarehe 8 Aprili Mombasa ikafungwa, watu wasiingie wala kutoka, hadi tarehe 7 Julai. Hoteli zilizokuwa na mamia ya vitanda zilibaki na walinzi tu. Wafanyakazi wengi walipewa likizo bila malipo ambayo hakuna aliyejua mwisho wake, na wengine waliachishwa kazi moja kwa moja. Simlaumu mwajiri kwa hilo, kwa maana hakuna biashara inayoweza kulipa mishahara ya watu mia mbili bila mgeni hata mmoja.

Ninalolalamikia ni namna watu walivyorudishwa. Wageni walipoanza kuonekana tena, kwanza Wakenya wenzetu waliokuja kwa treni mwishoni mwa juma, kisha Wazungu, wengi wa waliokuwa na ajira ya kudumu au mikataba ya miaka miwili waliitwa kama vibarua wa kulipwa kwa siku, au walielekezwa kwa wakala anayezipelekea hoteli wafanyakazi na ambaye ndiye anayehesabiwa kuwa mwajiri wao. Mtu ni yuleyule, jikoni ni mle mle, kazi ni ileile aliyoifanya miaka kumi. Kilichobadilika ni kwamba leo hajui kama kesho ataitwa. Kibarua hotelini hakikuletwa na Corona, nakubali, kwani tangu zamani kilikuwapo wakati wa Krismasi na Pasaka. Lakini kilichokuwa nyongeza ya msimu sasa ndicho kinachoendesha hoteli mwaka mzima.

Mabadiliko hayo hayaishii kwenye lango la hoteli. Mteja mwenye mshahara wa mwezi nilikuwa nikimpa unga, mafuta, sukari na sabuni kwa daftari, nikijua kwamba tarehe ya mshahara ikifika atalipa, na mimi nikamlipa muuzaji wa jumla kwa mpango huohuo. Kibarua siwezi kumpa mkopo wa mwezi, si kwa sababu simwamini, bali kwa sababu yeye mwenyewe hana hakika ya juma lijalo. Hununua unga wa kipimo na mafuta ya kupimiwa, ambayo kwa hesabu ya mwezi humgharimu zaidi kuliko pakiti kubwa na mtungi. Mwenye nyumba naye hujikuta akipokea kodi vipande vipande, na mwalimu mkuu akipokea karo vivyo hivyo. Ushirika wa akiba na mikopo, ambao makato yake yalikuwa yakitoka kwenye mshahara kabla haujafika mkononi, na ambao ndio uliowajengea wengi nyumba kule Majengo na Vipingo, hauna cha kukata kwa mtu wa siku. Kwa hiyo karo ikidaiwa, kinachobaki ni mkopo wa simu, wenye riba kali na muda mfupi. Hela za watalii zinaingia Pwani kama zamani, lakini hazizunguki mitaani kama zamani, kwa maana asiye na uhakika wa kipato hawezi kupanga, na asiyeweza kupanga hanunui kiti wala mabati.

Hapa sheria haiko kimya. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtambua kibarua kuwa ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Kifungu cha 37 kinaendelea kusema kwamba akifanya kazi mfululizo kwa siku ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo haitarajiwi kukamilika kabla ya miezi mitatu, basi ahesabiwe kuwa mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi, mwenye haki ya kupewa notisi. Kutandika vitanda vya hoteli iliyofunguliwa mwaka mzima si kazi ya kumalizika. Hata hivyo wateja wangu wananieleza kwamba mwezi unapokaribia kutimia hupumzishwa siku chache, kisha huitwa upya kana kwamba ndiyo kwanza wamefika. Yupo mama mmoja aliyepumzishwa na kuitwa hivyo kwa miaka mitatu, na katika muda wote huo hakuna shilingi iliyoingia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa jina lake.

Wenye hoteli wana hoja ambayo lazima isikizwe. Wageni wa siku hizi huchelewa kuweka nafasi, wengi ni wa mwisho wa juma, na nyumba za kupangisha kwa siku zilizojaa Nyali, Bamburi na Diani zimewapunguzia wateja bila kubeba mzigo wa wafanyakazi wengi. Mvua za Aprili na Mei pia ni zilezile. Lakini sheria haimlazimishi mtu kuajiri watu wa kudumu tu. Mkataba wa msimu wa miezi sita, ulioandikwa, wenye michango ya NSSF na ya bima ya afya ya SHIF, unakidhi haja ya mwajiri na unamwezesha mfanyakazi kujua tarehe atakayobaki bila kazi. Mtu akiijua tarehe hiyo hujiandaa.

Kuna pengo jingine ambalo Corona ililifichua na bado liko wazi. Afrika Kusini ilikuwa na mfuko wa bima ya kukosa kazi, unaochangiwa asilimia 1 na mwajiri na asilimia 1 na mfanyakazi, na mwaka 2020 serikali iliutumia kuwalipa sehemu ya mishahara wafanyakazi ambao kampuni zao zilikuwa zimefungwa. Ulikuwa na kasoro zake, lakini ulikuwapo. Kwetu NSSF hulipa uzeeni, mtu anapolemaa au anapofariki; anayepoteza kazi akiwa na miaka 35 na nguvu zake hana pa kwenda. Wabunge wa Pwani, ambao kila kampeni hutaja utalii, wangefanya vyema kulipeleka bungeni suala la mfuko wa namna hiyo kabla janga jingine halijatukuta.

La haraka zaidi halihitaji sheria mpya. Namwomba waziri wa Leba awaagize maafisa wake wa Mombasa, Kilifi na Kwale wakague kumbukumbu za ajira katika hoteli na kwa mawakala mwezi wa Oktoba na Novemba, kabla msimu wa Desemba haujaanza, walinganishe orodha ya vibarua ya mwezi mmoja na ya mwezi unaofuata, na pale watakapoyakuta majina yaleyale wadai mikataba iliyoandikwa. KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa hoteli, nacho kiende nao, kwa sababu kibarua hathubutu kusema mbele ya meneja wake akiwa peke yake.

Mwenye duka,
Mtwapa, Kilifi