Barua kwa Rafiki Aliyeuacha Morrowind Njiani

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote walio nyumbani. Barua yako nimeipata, na nimecheka kidogo kusoma kwamba umeuacha mchezo wa video wa Morrowind kabla hata hujafika mji wa Balmora, kwa sababu ulimchoma kaa wa ufukweni mara chungu nzima na kisu kikapita kana kwamba kaa hayupo.

Kilichokuponza ni hiki. Kampuni ya Bethesda iliutoa mchezo huu mwaka 2002, na ndani yake kila pigo huamuliwa na dadu isiyoonekana, ambayo hupima ustadi wako katika silaha uliyoishika, wepesi wako, bahati yako, na pumzi uliyobakiza, yaani ule mstari wa kijani chini ya skrini. Wewe ulitoka Seyda Neen, kijiji mchezo unapoanzia, mbio, na mbio humaliza pumzi. Tena kisu ulichookota katika ofisi ya forodha hakikufai, kwa kuwa umeniambia mhusika wako amefunzwa shoka. Tembea, nunua shoka, na kaa hatakusumbua. Hata hivyo sitautetea mfumo huu hadi mwisho, kwa sababu jicho linaona ncha imezama kwenye gamba huku hesabu ikikataa, na kaa mwenyewe haonyeshi dalili yoyote ya kukwepa. Huko ni kushindwa kwa waundaji, si ugumu wa makusudi.

Lakini mchezo huohuo usiojua kupigana unajua sana kukupoteza, nami nasema hivyo kwa kuusifu. Hakuna mshale wa kukuonyesha uendako, kama ule uliouzoea katika Oblivion, mchezo uliofuata katika mfululizo huu mwaka 2006. Mtu atakwambia ufuate mto, uvuke daraja, kisha uache njia kuu, nawe utakwenda ukiisoma ardhi ya kisiwa cha Vvardenfell kwa macho yako, hadi siku moja utagundua kwamba unaijua kama mtaa wenu. Gharama yake ipo. Maelekezo mengine ni pungufu, na daftari la safari lilipotoka mara ya kwanza liliandikwa kwa mfululizo wa siku tu, kazi zote zimechanganyika, hadi nyongeza ya mchezo iitwayo Tribunal ilipokuja mwishoni mwa mwaka 2002 na kuzipanga kazi kwa majina yake. Utakapotumwa kwenye magofu ya Arkngthand kutafuta kisanduku cha fumbo cha Dwemer, watu wa kale waliotoweka, ujue kwamba ni kitu kidogo kilichowekwa rafuni katika chumba cha pembeni, na kwamba watu wengi wamekizunguka kwa hasira bila kukiona.

Jambo jingine ambalo sijaliona likirudiwa vizuri tangu hapo ni jinsi mchezo unavyokuachia uchawi wake bila kukufunga mikono. Ukishika njia ya kaskazini kutoka Seyda Neen, mchawi mmoja ataanguka kutoka angani akipiga kelele na kufa mbele yako, akiwa na hati tatu za uchawi wa kuruka. Ukisoma moja kisha ukaruka, utavuka sehemu kubwa ya kisiwa kwa mruko mmoja. Ila nguvu ya hati huisha ukiwa bado hewani, na usiposoma ya pili kabla ya kutua, yatakupata yaliyompata mwenyewe. Wakuu wa Telvanni, ukoo wa wachawi, nao wanaishi ndani ya minara ya uyoga isiyo na ngazi, kwa sababu kwa maoni yao asiyeweza kupaa hana shughuli ya kuwaona. Katika michezo iliyofuata ya mfululizo huu uwezo wa kupaa uliondolewa, na miji ikawa salama zaidi na mikavu zaidi.

Uhuru huo unafika hadi kwenye hadithi yenyewe. Ukimuua mtu ambaye unabii wa hadithi kuu unamhitaji, mchezo haukuzuii. Unakuarifu tu kwamba uzi wa unabii umekatika, na uamuzi wa kurudi nyuma au kuendelea unabaki wako. Hata ukiendelea, kuna njia ya siri ya kumaliza, kupitia kwa Yagrum Bagarn, Dwemer wa mwisho aliye hai. Dagoth Ur, adui mkuu, hukupokea kwa heshima na kukuruhusu umuulize maswali kabla ya vita, na majibu yake yana hoja kuliko ya baadhi ya washirika wako.

Kasoro nyingine nitazipitia haraka. Raia wa kawaida hujibu swali kwa maneno yaleyale ya jirani yao, herufi kwa herufi, na wale viumbe warukao wa milimani ni kero isiyo na faida yoyote.

Anza upya, basi, na mhusika yuleyule, na usikimbie. Ukifika Balmora muulize mtu yeyote alipo Caius Cosades, yule uliyetumwa kwake, umpe kifurushi ulichokabidhiwa forodhani, kisha upuuze kazi zake kwa muda ujiunge na chama chochote, kwani hata yeye mwenyewe atakushauri hivyo. Niandikie utakapokuwa umechagua ukoo wa kujiunga nao kati ya Hlaalu, Redoran na Telvanni, kwa maana hapo tutakuwa na la kubishania.

Wako wa siku zote.